Radhi za Kwenda Jeshini

Jumatatu, 6 Oktoba

Chai imepoa tena. Aya ya tatu imenigomea tangu asubuhi, na mhariri anaitaka makala Ijumaa. Hoja yenyewe iko wazi. Konfusio, yule mwalimu wa kale wa China, alifundisha mtoto amtii baba. Watawala wakajivika ubaba, na vita vilipokuja hawakuhitaji kiboko kila mahali. Walisema tu: baba anakuita. Kule Japani taifa zima liliambiwa ni nyumba moja. Wanawake walisimama barabarani, kila mmoja akatia mshono mmoja kwenye mshipi wa askari. Kwa upendo! Hilo ndilo linalonikera. Kwa upendo.

Nimeandika kwa hasira. Ndivyo ninavyoandika vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempa rasimu Bwana Han, Mkorea tunayefundisha naye chuo cha watu wazima hapa Harrow. Kairudisha imejaa wino mwekundu.

"Bwana makelele," akasema, "umesoma nusu."

Eti mafundisho hayohayo yanasema mwili ni amana ya wazazi, usiupeleke kuumizwa ovyo. Na mtoto akimwona baba anakosea, lazima amwambie. Kwa upole.

Nikamchokoza: mbona mwanawe, aliyekulia hapahapa London, karudi Korea kuvaa magwanda?

"Babu yake alilia kwenye simu. Mimi sikutaka aende."

"Si ungekataza?"

"Huyo babu ni baba yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Salma, binti yangu, muuguzi, mtu mzima, alikuja baada ya chakula akaketi zuliani karibu na miguu yangu. Siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Leo Kiswahili kitupu.

"Baba, naomba radhi zako. Nataka kuingia jeshini, niwe muuguzi huko."

Nilimhutubia kama niko ukumbini. Vita vya nani? Jeshi la nani? Babu wa babu yangu walimtoa Mombasa wakambebesha mizigo ya jeshi hilohilo la Mwingereza, na kaburi lake hatulijui. Radhi sitoi. Nikajiandaa kwa mabishano.

"Sawa, baba," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Nimeshinda. Mbona niko macho hadi sasa?

Jumapili, 12 Oktoba

Shikamoo baba. Chai hii, baba. Sawa, baba. Tangu Alhamisi ndio hayo tu. Afadhali angepiga mlango teke.

Mke wangu ananicheka. "Si umepata ulichotaka? Mbona umenuna?"

Nikasema Salma ni mtu mzima, angeweza kujiandikisha bila mimi.

"Bila radhi zako? Umemlea wewe huyo!"

Ni kweli. Kila mtihani, kila safari, alibusu mkono wangu kwanza, nami nikamwambia nenda, radhi zangu unazo. Sikuwahi kuona kitu pale zaidi ya adabu. Makala nzima nawalaani watu waliomfundisha mtoto kusimama na kukaa kwa neno la baba. Ninayeweza kumzuia kwa neno moja, mwingine atamtuma kwa neno moja. Atakachohitaji ni kujiita baba tu.

Na naogopa. Niandike tu: naogopa atakufa.

Makala sikuipeleka. Mhariri anapiga simu, sipokei.

Jumanne, 14 Oktoba

Salma alipotoka zamu nilimkalisha kitini, si zuliani. Nikamwambia radhi zangu anazo, aende asiende. Hazimzuii wala hazimtumi. Sasa abishane nami.

"Umenifundisha kubishana na dunia nzima isipokuwa wewe," akasema. Kwa upole. Bwana Han angefurahi.

Halafu upole ukaisha. Alinibomoa! Akasema jeshini pia watu hutokwa damu, na damu haina siasa. Nikasema ina siasa tele. Mama yake akahamia chumbani na redio yake. Hatukukubaliana hata kidogo.

Ataenda.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua nyepesi. Aya ya tatu nimeifuta. Nitaianza upya, na mimi nimo ndani yake.

Leo ndiyo siku ya Salma kujiandikisha. Alisimama mlangoni amevaa koti. Sikuunyoosha mkono, isije ikawa namtuma. Akauchukua mwenyewe, akaubusu, akakimbilia treni.