Wa Kwanza Kwenye Orodha

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia. Mama hajambo. Kila Jumapili anauliza habari zako, nami namjibu kwamba umebanwa na shughuli. Siku hizi ananitazama tu.

Najua umeshtuka. Umefungua bahasha yenye picha ya Kocha ukitegemea maneno ya Kocha, na ndani umekuta mwandiko wangu wa kulala kushoto, ule ambao wewe ulisema ni wa mtu anayeteleza. Tafadhali usiikunje. Najua mwenye karakana amekupa mpaka mwisho wa mwezi umjibu kama unarudi kwenye meza yako, la sivyo anamweka mtu mwingine moja kwa moja. Najua pia kuna mteja amekuja kulitazama lile sanduku la mawe ya mizani aliyokuachia baba, na kwamba unangoja neno la Kocha ndipo uliuze au uliache. Utajiuliza nimejuaje, wakati hatujasemezana miezi minane. Nitakwambia. Ila niache nianze mbali kidogo, maana nikianza na lenyewe kalamu itaniponyoka.

Unakumbuka siku uliponijia umenyong'onyea? Miaka kumi na tisa unatengeneza mizani za watu, za maduka ya dawa mpaka zile za kupimia magunia, halafu cheo cha fundi mkuu akapewa mtu uliyemfundisha wewe mwenyewe kushika bisibisi. Ukasema unataka kocha wa kukuonyesha njia. Nami kwa mdomo wangu huu nikakuuliza unachezea timu gani. Nilijiona mjanja kweli.

Ulikuwa na wawili wa kuchagua. Wa kwanza ni yule mwalimu mstaafu wa chuo cha ufundi, mwenye sweta la kahawia lililotoboka kiwiko, aliyekuwa na kichumba nyuma ya duka la fotokopi. Nilikusindikiza. Alikuuliza maswali saa nzima, neno tamu hakukupa hata moja. Aliuliza kama umewahi kumwambia mwenye karakana, kwa kinywa chako, kwamba unakitaka hicho cheo. Ukajibu kwamba alipaswa kuona mwenyewe. Mzee akasema basi hiyo ndiyo kazi ya kuanzia, kujifunza kusema unachotaka, na itachukua muda, na kazi usiache kwanza. Tulipotoka nikakushika mkono nikasema huyo mzee anauza maswali, majibu hana. Tulicheka mpaka mwenye fotokopi akachungulia. Kumbe wewe ulikuwa unacheka kunifuata mimi tu.

Wa pili alikuwa Kocha. Nilikuwa na mwezi mmoja tu ofisini kwake, na nilikuwa nimekwambia kwamba napokea simu. Nikamsifu mpaka basi. Nikasema ni mtu wa watu, kila anayemwandikia anajibiwa na yeye mwenyewe, si na mtu mwingine. Ukanisikiliza, kaka. Ukamwacha mzee wa sweta kwa sababu yangu.

Sasa sikia. Kocha hajawahi kumwandikia mtu. Anakuja Alhamisi, anapigwa picha ameshika kalamu, anaondoka. Wanaoandika wako chumba cha nyuma: meza sita, feni moja inayogonga, na kila meza ina jalada la bluu lenye kurasa arobaini na nne za majibu. Mteja hana jina, ana namba. Akilalamika amechoka, unafungua ukurasa wa tatu. Akiogopa, wa tisa. Unanakili, unabadilisha maneno mawili matatu, msimamizi anasoma, jibu linakwenda. Tulitia saini kwamba hatutamwambia mtu yeyote, hata wa nyumbani. Simu sikupokea hata siku moja. Nilikuwa meza ya tano.

Na mteja namba mia nne na kumi na mbili alikuwa wangu.

Naapa kwamba mwanzoni sikujua. Ulikuwa namba kama wengine. Kisha tukafika ukurasa wa kumi na mbili, ule unaomtaka mteja aandike orodha ya watu wanaomrudisha nyuma. Yako ilikuja asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Uliandika kwamba wa kwanza ni mdogo wako wa kike, mnayemwita Kicheko, na kwamba yupo hapo hapo ofisini anapokea simu, hivyo unaomba sana asijue. Ukasema kila ukimweleza jambo la moyoni hucheka kwanza, ndipo asikilize. Ukasema umefika mahali unamwogopa.

Nilisoma mara tatu. Chai ikapoa. Sheria yetu ni kwamba ukimtambua mteja unarudisha faili kwa msimamizi. Sikurudisha. Niliumia, kaka, niliumia vibaya sana, na badala ya kuumia kama binadamu nikapandwa na hasira. Sikufungua jalada. Niliandika kwa akili yangu mwenyewe: anza na huyo wa kwanza. Jitenge naye kabisa. Simu yake usipokee, akija usimfungulie, barua yake ichane bila kuisoma. Nilitaka nione kama utathubutu. Jioni ile ile nikakupigia, na simu yako haikuita tena. Msimamizi aliyapenda maneno yale akayatia kwenye jalada. Leo ni ukurasa wa arobaini na tano, wanaandikiwa watu nisiowajua.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ukaanza kuniandikia mambo ambayo hujawahi kuniambia tangu tuzaliwe. Uliniambia kwamba siku ya mazishi ya baba ulijifungia chooni ukalia, ukafungulia bomba ili tusikusikie. Uliniita mzazi wangu. Ukasema hakuna aliyewahi kukusikiliza hivyo. Mimi, Kicheko, nilikuwa nakusikiliza, na sikucheka hata mara moja! Nikawa nafika kazini mapema kuona kama umeandika. Ili uendelee kuandika, nikawa nakupa ulichotaka kusikia. Mwenye karakana alipokuahidi kukukabidhi tawi jipya, ukauliza ukubali au ukatae. Nilijua jibu. Nilijua kama ninavyolijua jina la mama. Lakini ukikubali, faili lingefungwa, maana aliyepata alichotaka hamwandikii tena Kocha. Nikakuandikia ukurasa wa kumi na tisa, kwamba anayekubembeleza ubaki anaogopa ukubwa wako. Kesho yake ukaacha kazi.

Mwezi uliopita nilisafiri kuja kwako. Niliona pazia la sebuleni likifungwa. Wifi akatoka mpaka mlangoni, akaongea huku akitazama viatu vyangu, kwamba umepumzika. Alinong'ona kwamba kila asubuhi unavaa suti, unakaa kwenye kiti cha sebuleni na karatasi za hotuba ambazo Kocha alikwambia uandike, na hakuna anayekuja kukuchukua ukahutubie popote. Nilitaka kumwambia yote. Badala yake nikaaga, nikaondoka na matunda niliyowaletea watoto.

Jumatatu ndipo likaja swali lako, la karakana na la sanduku. Safari hii niliandika ukweli: rudi kazini, na sanduku la baba usiliuze. Msimamizi akaniuliza hayo yako ukurasa gani. Nikasema hayapo. Akayafuta mbele ya macho yangu, akaniambia nikusanye vitu vyangu. Faili lako amepewa dada wa meza ya tatu. Ni mtu mwema, lakini kwake wewe ni namba, na swali lako lina ukurasa wake, wa thelathini na moja. Naujua kwa moyo. Unasema uza kila kinachokukumbusha ulikotoka.

Basi mimi na ukurasa huo tunashindana, na wao hutuma kwa kompyuta, mimi kwa posta. Huenda jibu lao limeshakufika. Huenda ile rafu ya sanduku la baba, lenye mawe uliyonikataza nisiyaguse kwa vidole kwa kuwa mafuta ya mkono huongeza uzito, sasa haina kitu juu yake. Kama bado, nenda kwa mwenye karakana leo leo, kabla hujavua viatu. Mwambie unataka kurudi. Sema kwa kinywa chako. Mzee wa sweta nilikwenda kumtafuta jana ili nikuombee kwake. Kichumba kina mtu mwingine, na mwenye fotokopi hajui alikohamia. Kwa hiyo sina wa kukuelekeza kwake, na mimi mwenyewe sifai.

Nilipokuwa natoka ofisini niliiba kitu kimoja tu, bahasha hii, ya zile wanazotumia kuwapelekea wateja risiti na vyeti. Kama ningetumia ya kwangu ungeichana bila kuisoma, kama nilivyokufundisha, na wewe ni mtu wa kutii. Umefika mpaka hapa kwa sababu ya ile picha yake. Nalijua hilo, nami ndivyo nitakavyoishi nalo. Sikuombi unisamehe, na kama sanduku limeshauzwa usihangaike kunijibu.

Nisalimie sana wifi, mwambie nilikosa adabu kuondoka vile. Watoto wapakate kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu sana, kesho Jumapili ataniuliza tena. Sijamwambia kwamba kwenye orodha yako yeye alikuwa wa pili, na kwamba nilipofika kwenye jina lake, nilikuandikia uendelee kujitenga.

Ni mimi mdogo wako,
Kicheko