Kwa Athumani, Uliyesimama Mbali na Uzio

Mdogo wangu Athumani,

Wanasema marehemu hatajwi ila kwa wema. Nimeitii adabu hiyo tangu siku tulipokuzika Pickering, nje ya Toronto, katika ardhi iliyokuwa imeganda kwa baridi hata wachimbaji wakalazimika kutumia mashine. Watu walipokuja kunipa pole walisema ulikuwa baba mwema, uliyemlinda binti yako kama mboni ya jicho, nami niliinamisha kichwa nikaitikia amina. Sasa nimechoka kuitikia amina. Nina hasira nawe. Nakuandikia hadharani kwa sababu ulilolifanya ulilifanya mbele ya watu, na wengi wao bado wako hai na wanasoma Kiswahili.

Nianze mbali kidogo, maana ndiko hasira yangu ilikozaliwa. Unakumbuka Kondoa, tulipokuwa tukitumwa mtoni na punda wa mama? Mimi nilitembea kando yake kama msichana niliyefundwa. Wewe ulingoja tu tupotee machoni mwa mama, ukatua madebe kichakani, ukampanda yule jike wa kijivu na kushindana na watoto wa jirani hadi ukingoni. Siku moja alikubwaga ukavunjika jino. Baba alikuchapa kwa sababu ya debe lililobonyea, si kwa sababu ya jino, na kesho yake ulimpanda tena, mdomo ukiwa bado umevimba. Mama peke yake ndiye aliyejua kumtuliza yule mnyama. Alimwekea kiganja shingoni, akanyamaza, na punda naye akanyamaza. Ulikuwa ukimwangalia mama akifanya hivyo kwa macho ambayo hukuwahi kumwangalia nayo mwalimu yeyote.

Basi usiniambie hukuelewa.

Binti yako alipozaliwa ulimpa jina la mama, Salma, ukawa unamwita mama hata kabla hajaota meno. Alipomaliza shule ulitaka asomee ufamasia. Yeye akachagua sanaa na ubunifu wa vifaa katika chuo kimoja hapa Toronto. Ulinuna majira yote ya baridi. Halafu nikasikia unawaambia wenzako msikitini kwamba binti yako anasomea mambo ya viwandani. Nilicheka sana, maana haukuwa uongo kamili, na nilidhani ndiyo njia yako ya kukubali.

Mwaka wa pili akajiunga na timu ya chuo ya kupanda farasi. Mazizi yalikuwa nje ya jiji, upande wa kaskazini, na kwa kuwa fleti yangu ya North York ilikuwa karibu zaidi kuliko kwenu Etobicoke, siku za mazoezi alilala kwangu. Kwa hiyo, mdogo wangu, mimi niliyaona maisha yale na wewe hukuyaona. Aliondoka kabla ya alfajiri kwenda kuzoa mavi ya farasi, kuwasugua manyoya na kuwatembeza, ndipo apande. Kisha akakimbilia basi na treni ili awahi darasani, nywele zikiwa na mabua ya nyasi kavu. Jioni alitandaza karatasi kwenye sakafu yangu na kuchora kwa mkaa mpaka zulia likawa jeusi. Wiki ya kukosolewa kazi, ambapo wanafunzi husimama mbele ya walimu na kila mtu hutoa ila kwenye kazi yao, hakula kitu ila chai na mkate. Nilimwambia atajiua. Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wetu wote wa huku, kwamba potelea mbali, angalau atakufa akiwa amenyoosha mgongo.

Ulidhani anaigawa nafsi yake vipande viwili. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka siku aliponieleza habari ya kura. Katika mashindano yao, alisema, mpandaji haendi na farasi wake. Anapewa farasi kwa kura, asiyemjua, na dakika chache tu kabla ya kuingia uwanjani. Lazima amsome kwa makalio na mapaja: anaogopa nini, anaegemea upande upi, anataka hatamu zikazwe au zilegezwe. "Ndicho ninachosomea, shangazi," aliniambia. "Vitu na miili." Akanionyesha michoro yake. Alikuwa akibuni kiti cha wazee wenye nyonga mbovu kama yangu, na umbo lake alikuwa amelitoa kwenye tandiko la farasi: jinsi linavyomshika mtu bila kumfunga, jinsi linavyomsaidia kuinuka. Alinikalisha kwenye kiolezo cha sponji na udongo, akanizunguka akinipima kama fundi cherehani. Mwalimu wake alimwambia kile ndicho kitu bora kilichotoka darasani mwao mwaka ule. Niliinuka kwenye kiti kile bila kushika ukuta, Athumani. Sijainuka hivyo tena.

Kisha maneno yakafika msikitini. Si unakumbuka, kule Etobicoke uwanja wa mbio za farasi hauko mbali nanyi, na watu wetu wakisikia farasi hawasikii kingine ila kamari. Mtu akakunong'oneza kwamba binti yako yuko kwenye mambo ya farasi. Mwingine akaongeza kwamba anavaa suruali ya kubana. Wa tatu akauliza nani atamwoa msichana anayekaa juu ya mnyama ametanua miguu. Wifi yangu, mama yake Salma, alinipigia simu akilia, akasema umeacha kula mezani nao.

Ndipo wewe mwenyewe ukanipigia, Jumamosi moja ya majira ya kupukutika majani. Ulisema, "Dada, nipeleke nikaone." Nilifurahi mno. Nilijua walikuwa na mashindano siku ile, na njia niliijua. Tulipofika hukutaka kwenda kukaa na wazazi wengine kwenye mabenchi. Ulisimama mbali na uzio, nyuma ya gari la kubebea farasi, na mimi nikasimama nawe nikitetemeka kwa upepo.

Kura ilikuwa imempa Salma farasi mweusi mtukutu. Alipofika kwenye kiunzi cha pili, farasi akagoma, akasimama ghafla hata Salma akalala shingoni pake. Nilifumba macho. Nilipofumbua, hakuwa amemchapa wala kumvuta. Alikuwa ameweka kiganja shingoni mwa yule mnyama, ametulia, na farasi naye ametulia. Akamgeuza, akamrudisha, wakaruka. Uliushika mkono wangu ukaubana mpaka pete yangu ikaniumiza. Ukasema kwa sauti ndogo, "Ile mikono ni ya mama."

Ulilia. Nasema hapa ili watu wajue: ulilia, na haukuwa upepo.

Tuliporudi garini uliniapisha. "Dada, kwa haki ya ziwa tulilonyonya, usimwambie kama nilikuja." Nilidhani unataka kumwambia mwenyewe. Nani asingedhani hivyo?

Jumapili iliyofuata uliitisha kikao. Sebule yenu ilijaa wanaume, chai na vitumbua, na simu katikati ya meza ikiwa imefunguliwa spika ili kaka yetu Bakari, mkubwa wetu, asikie akiwa Kondoa. Kaka Bakari, Mungu amrehemu, aliuliza, "Farasi? Kwani huyo mtoto anataka kuwa polisi?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, nikaona kumbe kitaisha kwa utani. Nikawaeleza kwamba hakuna kamari pale, kwamba hakuna hata senti inayochezewa, na kwamba kazi za chuo hazijashuka. Nilikuwa shangazi mtu. Kwetu binti hawezi kujadiliwa pasipo shangazi yake. Ukanigeukia, wewe niliyekufutia damu ya jino, ukasema, "Dada, hili tuachie wanaume."

Salma alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuitikia salamu tu:

"Baba, umewahi kuniona nikipanda?"

Uliniangalia mimi. Hukumwangalia yeye. Kisha ukalitazama zulia, ukajibu, "Sihitaji kuona." Ukaongeza ile methali, kwamba mshika mbili moja humponyoka, na wanaume wakaitikia kwa vichwa kama mahakimu. Ukamwambia achague: farasi, au kuwa mtoto wako.

Nimesoma vitabu vingi tangu nije nchi hii. Nimefanya kazi maktaba mpaka nikastaafu, na nimeona watu wa kila taifa wakitumia hekima za babu zao kuwapigia watoto. Lakini sijaona ukatili mwepesi kama ule wako. Methali hutolewa kumpa mtu njia ya kufikiri. Wewe uliitoa ili usifikiri, ukiwa na ushahidi wa macho yako mwenyewe, uliokuwa na siku nane tu. Kama ungekuwa hukuona, ningekuita mjinga na kukusamehe. Uliona, na bado ukamtoa mtoto kwa ajili ya watu watatu waliokunong'oneza mlangoni mwa msikiti, viatu vikiwa mkononi.

Salma aliacha timu. Hakubishana, na hilo lingekutisha kama ungekuwa na akili ya kutishika. Mlidhani saa alizookoa zingekwenda kwenye michoro. Hazikwenda. Kile kiti hakikumalizika. Alisema hawezi tena kukumbuka mwili unavyokaa, akapeleka taa ya mezani badala yake, taa kama taa nyingine zote. Alifaulu. Mlipika pilau, ukapiga picha naye amevaa joho, ukaituma Kondoa. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya bima na yumo humo mpaka leo, anaheshimiwa, na nyumbani kwake hakuna hata penseli ya kuchorea. Alikutunza ulipougua moyo. Alikukata kucha. Aliongea nawe kwa adabu kama mtu anavyoongea na mkuu wake wa kazi, nawe ulikuwa ukijisifu kwangu: "Unaona, dada, ametulia." Mara ngapi nilikusihi umwambie? Hospitali nilikusihi. Ulinijibu kwamba mtoto akijua mzazi aliyumba, hatamheshimu tena. Ukafa na heshima yako.

Nami nikabaki na kiapo chako, na ziwa la mama likiwa dhamana yake. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mama alinyonyesha watoto wake ili wasaidiane kuishi. Hakutunyonyesha ili maziwa yake yaje kumnyima mjukuu, mwenye jina lake, neno moja la baba yake. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikivunja. Kama kuna dhambi, nimeichukua mimi, na sikuombi ruhusa.

Salma alikuwa amenipeleka dukani. Tulikuwa tumeshaegesha, mifuko iko kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa akinisimulia juu ya dua ya mwaka ambayo mama yake anataka tukusomee, akasema, bila uchungu wowote, kwamba ataleta chakula lakini hana la kusema juu yako, kwa sababu hukuwahi kumjua. Nikamwambia zima gari. Nikamwambia yote: simu yako, farasi mweusi, mkono wangu, maneno yako juu ya mikono yake, kiapo.

Hakulia. Aliniuliza kwa Kiingereza ulisimama wapi hasa. Nikamwambia, nyuma ya gari la kubebea farasi, upande wa miti. Akauliza ulivaa nini. Nikafikiri, nikakumbuka: lile koti la rangi ya ngamia alilokupa msimamizi wako kiwandani, ambalo nyumbani hukuwahi kulivaa, refu kupita kiasi, na kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi.

Mvua ilikuwa ikipiga kioo. Halafu akasema, kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno:

"Nilimwona, shangazi. Nilimwona mzee wa koti lile. Nilisema moyoni, yule ni baba wa mtu, amekuja kumtazama mtoto wake."

Basi, Athumani. Nimekuletea maneno yake, maana nilijua huko uliko hungeyapata kwingine. Ulikuwa ndani ya macho ya mwanao, na yeye akamwonea wivu msichana asiyemjua kwa kuwa na baba kama wewe. Ulichotakiwa ni kutembea hadi kwenye uzio.

Kila Ijumaa nakuombea, na nitaendelea kukuombea, maana wewe ni damu yangu na ni haki yako. Kukusamehe ni jambo la Salma, nami sitamharakisha. Lala huko kwenye udongo wa Pickering. Mimi bado nimekasirika.

Dada yako mkubwa,
shangazi yake Salma