Nani Amechemsha Maji

Mbeya, Jumapili, tumetoka ibadani

Kwa dada yangu Salome, Mlandege, Iringa

Shikamoo dada, na juu yake nakuwekea kamwene, salamu yetu ya nyumbani. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Huku kwetu mvua haisubiri goti la mtu, inanyesha tu, na baridi ya asubuhi imenifanya nivae soksi mbili mbili kama mzee wa kanisa. Shemeji hajambo? Nyanya za Ruaha Mbuyuni zimekubali safari hii, au majani yameanza tena kujikunja? Mimi, wifi yako na watoto ni wazima kabisa. Nayaandika haya mapema kwa sababu siku hizi barua ya mkono ikiletwa na dereva wa fuso la viazi, mtu anatafuta kwanza kiti ndipo anaifungua. Hakuna aliyekufa. Kaa, lakini kwa starehe.

Nina ombi moja tu. Isome kutoka juu kwenda chini. Nakujua. Tangu tukiwa wadogo, ukipewa kitabu unaanzia ukurasa wa mwisho, ukishaona watu wamepona ndipo unarudi mwanzo. Mara hii nivumilie.

Utakumbuka simu yangu ya wiki mbili zilizopita, ile iliyokuwa inakatika. Nadhani ulisikia "kazi" na ukasikia "nyanya", mengine ukajaza mwenyewe, na ulijaza sawasawa. Kazi yangu ya kuingiza maneno ya Kiswahili kwenye filamu za nje ilikuwa imebaki kidogo tu iniponyoke. Mama Gwakisa, mwenye duka la filamu na kile kibanda cha kuonyeshea pale Mwanjelwa, aliniita ofisini kwake, yaani kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia. Akaongea kwa upole. Yeye akiwa mpole ndipo unapotakiwa kuogopa.

"Baba Neema, watu wanaondoka."

"Wanaondoka kwenda wapi, mama?"

"Wanakokwenda sikujui. Najua wanakotoka. Wanatoka kwenye mabenchi yangu, na robo saa haijaisha."

Kosa langu, dada, lilikuwa adabu. Wewe unajua nimesoma matangazo kanisani miaka mingapi. Harusi ya nani pale Mlandege sikutambulisha wajomba mmoja mmoja? Msiba gani sikusoma wasifu wa marehemu? Mimi mtu akiingia bila kutambulishwa naona kama amevuliwa nguo. Kwa hiyo filamu ikianza, hizi za upelelezi hasa, nilikuwa natambulisha. "Ndugu watazamaji, huyu anayeteremka garini ni dada wa tajiri, mcheshi, mtu wa watu, na ndiye marehemu wetu wa leo." Maskini wa watu anafunga mlango wa gari, anatabasamu, ana saa nzima ya kuishi. Kisha: "Yule mwenye koti pale kwenye nguzo, msimhangaikie kwa sasa, ila ndiye aliyemuua."

Siku moja kijana wa bodaboda alisimama katikati ya kibanda, akavaa kofia yake, akasema, "Basi kama muuaji tumeshamjua, mimi narudi kijiweni." Nusu ya benchi ikamfuata. Nilidhani wana abiria.

Mama Gwakisa akanipa Jumamosi moja na filamu moja. Mabenchi yakibaki yamejaa robo saa ya kwanza, ninabaki. Wakiondoka, nikapumzishe koo Iringa. Ndiyo maana nilikupigia, umwambie shemeji aniwekee nafasi ya kufunga matenga ya nyanya. Sikukwambia kwamba nilipokata simu nilikaa kitandani nikiwahesabu wa kwangu. Wifi yako ana viazi vyake ardhini, Neema ana mtihani mbele. Ningekuja peke yangu, nikawe baba wa kwenye simu. Na huu mgongo wa miaka hamsini na mbili, ambao ukiinama unahitaji kamati ya kuuinua, ungefunga matenga mangapi?

Jumatatu mpaka Jumatano nilijifungia chumba cha kurekodia. Filamu yenyewe inaanza hivi: mama mmoja anarudi nyumbani kutoka kazini, anaweka mkoba mezani, anavua viatu, anaingia jikoni, anagusa birika. Basi. Dakika nne nzima hakuna cha maana kinachotokea, au mimi niliona hivyo. Watu hawasemi neno. Nikafanya ninachojua kufanya, nikajaza. Nikaeleza kwamba yeye ni mjane, kwamba mumewe alikuwa mhasibu mwaminifu, kwamba nyuma ya mlango wa stoo kuna mtu na mtu huyo ana kinyongo cha siku nyingi. Nikajisikiliza. Mimi mwenyewe nilitamani kuondoka.

Alhamisi nikaenda kula nyumbani mchana, jambo ambalo silifanyi, huwa nakula kule kule sokoni. Nikafika uani. Redio ilikuwa kimya. Dada, redio ya wifi yako hainyamazi, hata tukisali inapunguzwa tu. Pazia limefungwa, na ni saa saba mchana. Mlangoni kuna buti za mpira, kubwa, za kiume, zina tope bichi. Mimi sina buti.

Hakuna aliyeniambia nisimame, lakini nilisimama, kando ya pipa la maji. Ndani kulikuwa na sauti za chini chini. Nikamsikia wifi yako akisema, "Asijue tu."

Sauti nzito ikamjibu, "Atajulia wapi? Jumamosi tunamaliza."

Nikashika pipa. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa ilinipita kichwani, nikakumbuka kila shati nililowahi kuliacha sakafuni. Nikakumbuka jirani alivyonisalimia asubuhi, vizuri mno, si kawaida yake. Paka wetu akatoka, akaniangalia, akaenda zake, na yeye nikamtilia shaka. Nilitaka kuondoka nisisikie zaidi, na miguu ikakataa. Ningekaa pale mpaka jioni.

Hatimaye nikasukuma mlango. Walikuwa wamama watano wa jumuiya, wamebanana kwenye makochi, na katikati yao Mama Baraka, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, ametoka moja kwa moja shambani kwenye viazi. Buti ni za mumewe. Sauti nzito ni ya kwake mwenyewe, kwenye kwaya anaimba besi na wanaume, na hakuna mwanaume anayethubutu kumhamisha.

"Baba Neema," akasema, "mbona umepauka hivyo?"

"Nimetoka juani."

"Jua lipi?"

Nikajiangalia. Nilikuwa nimelowa chapachapa. Mvua ilikuwa inanyesha muda wote ule na sikuwa na habari.

Mpango wao, dada, ulikuwa kuja Jumamosi wajaze mabenchi na wasinyanyuke hata wakibanwa na haja, ili nibaki na kazi. Pazia walifunga nisije nikawaona nikipita. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na wifi yako akanitupia taulo kwa hasira, kwa sababu siri yake ilikuwa imekufa na sakafu yake imelowa.

Nikawashukuru, nikawaomba wasije, nijue kama watu wanabaki kwa ajili ya filamu.

"Na ukifukuzwa?" wifi yako akauliza.

"Nitakwenda kufunga matenga."

"Na mgongo?"

"Nitakwenda nao."

Lakini usingizi wa siku ile ulinijia na jambo moja. Pale kando ya pipa hakuna aliyenitambulisha mtu. Zile buti hazikusema ni za nani. Angetokea mtu kama mimi na kipaza sauti akatangaza, "Ndugu msikilizaji, hizi ni buti za mume wa Mama Baraka," ningeingia nikala ugali wangu. Wale wanaotengeneza filamu za namna hii hawakuogopeshi, dada, ndicho nilichokuwa sikielewi. Wanakuonyesha nyumba kama ya kwako, kila kitu mahali pake, halafu kitu kimoja tu kimekaa vibaya. Kisha wananyamaza. Hofu yote iliyobaki unaileta mwenyewe kutoka kwako. Na ukishaileta huondoki, kwa sababu ni mali yako, utamwachia nani?

Ijumaa nikafuta kila kitu cha ule mwanzo. Nikabakiza sentensi mbili. Anapofungua mlango nasema, "Mama huyu anaishi peke yake." Anapogusa birika na kurudisha mkono haraka nasema, "Birika ni la moto." Basi. Kinachobaki ni miguu yake kwenye sakafu na maji yanayodondoka kwenye sinki. Nilikaa mbele ya kipaza sauti nimeziba mdomo kwa kiganja, maana mdomo una mazoea yake.

Jumamosi saa tisa alasiri kibanda kilijaa. Mvua ilinisaidia, sikatai. Nikakaa benchi la nyuma, na mbele yangu naona kofia ninayoifahamu, yule yule wa bodaboda. Mama Gwakisa akaweka kiti chake mlangoni, amewageukia watu, ili anayetoka apite mbele ya macho yake.

Mama wa kwenye filamu akaingia. Sauti yangu niliyorekodi ikasema sentensi ya kwanza. Akavua viatu, akaenda jikoni, akagusa birika. Ikasema ya pili. Kimya.

"Sauti imekata," mtu akasema.

"Fundi, sauti."

Mama Gwakisa akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilihesabu pumzi, nikafika kumi na moja, na mtu wa pembeni akaanza kuinuka. Nikajiona tayari nashuka kwenye basi na begi langu, shemeji ananipokea kwa huruma ile yake isiyosema kitu. Hapo ndipo yule wa bodaboda akanong'ona, wala hakugeuka:

"Nyamazeni basi. Nani amechemsha maji?"

Aliyekuwa anainuka akakaa. Kwenye kioo, yule mama akachukua kikombe kabatini, akakiweka mezani, na mezani kulikuwa na kikombe kingine. Kimelowa. Kibanda kizima kikavuta pumzi mara moja. Mtu mmoja alikuwa amepeleka hindi la kuchoma mdomoni, likabaki pale pale halijaumwa. Halafu nikasikia besi kutoka kona ya giza, mtu niliyemwomba kabisa asije: "Toka humo ndani, dada. Acha mkoba, toka." Huyo ni Mama Baraka, ambaye hata mahubiri huwa anayajibu, na alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mtu asiyemfahamu.

Robo saa ikapita. Nikageuka nione Mama Gwakisa amehesabu wangapi waliotoka. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa. Mlango ameupa mgongo, simu inaita kwenye mapaja yake na haipokei. Angetoka tembo asingemwona.

Baadaye kidogo akaniita nyuma ya pazia kwa ishara ya kidole.

"Baba Neema. Nani alichemsha yale maji?"

"Utaona, mama."

"Mimi ndiye mwenye filamu."

"Ndiyo, mama. Utaona."

"Jumatatu saa mbili asubuhi," akasema, "na usichelewe." Kisha akarudi kwenye kiti chake karibu akimbie.

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Chini ya bati nikamkuta wifi yako na mwavuli. Alikuwa ameahidi haingii, na kweli hakuingia, alisimama pale pale tangu mwanzo akisikiliza kama mabenchi yanasogea. Akauliza, "Vipi?" Mimi niliyesoma matangazo ya watu wote nikaitikia kwa kichwa tu. Akanisoma usoni. "Ndaga," akashukuru kwa lugha ya kwao, na hakuwa anasema na mimi, alikuwa ameangalia juu. Kisha akanifunika na mwavuli, tukarudi nyumbani taratibu. Nilikula sahani mbili.

Kwa hiyo mwambie shemeji ile nafasi ya matenga ampe mtu mwenye mgongo, na kwamba namshukuru hivyo hivyo, kwani sikuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi. Msalimie mama mdogo anayeuza pombe ya ulanzi, mwambie soksi alizonifumia ndizo hizi ninazovaa mbili mbili. Msalimie na mwalimu wa kwaya, kwake nimejifunza thamani ya mapumziko ndani ya wimbo miaka thelathini baada ya kunichapa kwa ajili yake. Neema anakusalimu na anauliza kama Kiingereza changu kibovu ulichonifundisha ndicho hicho unachotaka kumfundisha na yeye. Nimemwambia lawama tunagawana. Dereva wa hii barua akishakunywa chai yake Nyololo hana haraka tena, ikifika imechelewa usimgombeze.

Ni mimi mdogo wako, bado ni mtu wa Mbeya,

Lazaro

Dada, kama umeanzia hapa, na najua umeanzia hapa: kazi ninayo. Tulia. Sasa rudi ukurasa wa kwanza, uvue viatu, uweke birika.