Saa za Alhamisi

4 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ubishi, na kwamba dawa ya macho unaitia kila asubuhi, si siku ile tu unayoniandikia. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wakikuuliza unawajibu "yuko mahakamani" nao wanakupa pole. Ni hivi. Kampuni ikifilisika, mahakama humteua mfilisi akusanye kilichobaki, akiuze, awagawie wanaoidai. Mfilisi huajiri mawakili, na mawakili huleta ankara: tarehe, kazi waliyofanya, muda waliotumia. Sisi wakaguzi wa ada tunasoma mstari kwa mstari na kujiuliza: kazi hii ilihitajika? Iliwaletea wadai faida yoyote? Au ni wakili mkuu ametoza bei ya wakili mkuu kwa kubandika stempu? Jana nilikata saa za mawakili watatu waliokwenda kikao kimoja. Mmoja alizungumza, wawili walimtazama. Kando ya kila mstari naandika: imekubaliwa, imepunguzwa, imekataliwa. Ada hulipwa kabla ya mishahara ya wafanyakazi, Baba. Chungu ni kimoja, na wenye ankara ndio wanaopakua kwanza.

Sasa, faili la kiwanda chenu limefika ofisini kwetu. Nilipoliona jalada nilikwenda moja kwa moja kwa Msajili nikamwambia baba yangu alikuwa mfanyakazi pale na anadai. Akalichukua, akampa mwenzangu wa meza ya pili. Huyu tunamwita Bwana Barabara, kwa kuwa kila ankara huimaliza kwa neno hilo, "barabara!", kisha anapiga mhuri. Si mtu mbaya. Ana haraka ya kwenda nyumbani, kuna watu wanamngoja.

Mimi hakuna anayeningoja, ndiyo maana nakata vizuri. Jirani yangu wa ukutani hupiga chafya mbili mbili. Uso wake sijawahi kuuona, lakini juzi alipopiga moja tu, nilikaa kitandani nikiingoja ya pili.

Habari za kesi usiniambie. Niambie zako.

Mwanao.


19 Julai

Mwanangu, mama,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Dawa natia, ikidondokea shavuni, hilo si kosa langu. Nashukuru unaniandikia, maana ile simu uliyoninunulia, watu wanaongea humo kama wametumbukia kwenye pipa. Mitambo ilikula masikio yangu na haikurudisha hata chenji.

Umesema nisikueleze kesi, basi sikuelezi. Nakupa habari zangu, na habari yangu ni Mheshimiwa. Nilikudokeza: wakili mdogo wa upande wa mfilisi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko upara wangu. Mwanzoni alikuja kuuliza mitambo, ipi bado inazunguka, ipi imenyofolewa vipuri, ipi itapata mnunuzi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu, angemuuliza nani mwingine? Nilimtembeza banda zima. Nikamwonyesha hata ile ya kusokota nyuzi tuliyoiita Mama Mkwe, kwa kuwa ilipiga kelele ukiigusa na ukiiacha. Mwezi wa tano mitambo yote ikapigwa mnada, ikabebwa. Nikasema basi, kijana ndiyo kwaheri. Alhamisi iliyofuata, hodi! Nikamwambia, "Mheshimiwa, mashine hakuna tena." Akasema, "Mzee, nimekuja kukuona wewe."

Tangu hapo kila Alhamisi mchana tunacheza drafti. Anacheza vibaya, ana pupa ya kupata kingi. Ila ananipigia kelele sikioni bila kuona haya. Wengine huchoka, wakaanza kutikisa kichwa tu na kutabasamu kama wako kwa mpiga picha. Nimemsimulia mama yako alivyonikataa mara ya kwanza. Wewe mwenyewe sijapata kukusimulia, sijui kwa nini. Naye kanisimulia ya kwao. Ikifika Jumatano naanza kufagia.

Kwa hiyo usilale ukinifikiria. Nina mgeni.

Baba yako.


2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi naanza na afya. Yako ikoje? Yangu nzima, ila usingizi umenihama.

Jana Barabara aligeuza kiti chake akanisomea kwa sauti, huku akicheka: "Dada, hebu sikia. 'Mahojiano na fundi mkuu wa zamani kuhusu mitambo, saa tatu.' Wiki inayofuata, 'mahojiano zaidi na fundi mkuu, saa tatu.' Kila Alhamisi! Huyu mzee anazijua mashine au anazitungia hadithi?" Kisha akainua mhuri. Hajui kuwa ni wewe. Nilisema baba yangu alikuwa mfanyakazi. Cheo hakuna aliyeniuliza.

Kila Alhamisi imeandikwa, Baba. Mnada ulipita mwezi wa tano, na mistari imeendelea mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Za mwezi wa saba zitakuja na ankara ijayo, usiwe na shaka. Alikuja kukuona, na kukuona kwenyewe alikutoza. Tena si wewe peke yako. Amemtoza Mama Pacha, aliyefunga marobota upande wa pili wa banda na ambaye paa lake mpaka leo ni turubai. Amewatoza walinzi na wafagiaji. Kila ulipomfunga drafti, mlilipa wote.

Nilimwambia Barabara jambo moja: "Kabla hujapiga mhuri, soma tarehe ya mnada." Tarehe hiyo imo ndani ya faili, sikuitoa kwenye barua yako. Hata hivyo sikupaswa kufungua kinywa, na nimekwenda kumwambia Msajili kwamba nimekifungua. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Akasema, "Sawa, binti, nenda kafanye kazi."

Nijibu hili tu. Ulijua?

Mwanao.


15 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa, na posta haina kosa. Mwili mzima, tumshukuru Mungu.

Nilijua.

Si tangu siku ya kwanza. Mnada ulikuwa umepita, tumecheza kama mara mbili hivi. Nilimsindikiza, nikarudi ndani, nikaona amesahau mwavuli. Nikamfuata nao. Nikamkuta amesimama ukutani, anaangalia saa, anaandika. Mama, mimi nimesimamia zamu za watu maisha yangu yote. Mtu akiangalia saa halafu akaandika, sihitaji kuelezwa. Nikampa mwavuli wake. Akasema asante mzee. Alhamisi akaja, nikapanga kete.

Nilijiambia, hili ni fungu langu, nalila nitakavyo, wenzangu wangelila kwa pombe. Halafu nikamkumbuka Mama Pacha. Nisikufiche, nilimkumbuka vizuri kabisa, na turubai lake, na nikasogeza kete.

Sasa sikia. Mahakama imewataka mawakili waeleze zile Alhamisi za baada ya mnada. Mheshimiwa kaja Jumatatu, na hakukaa. Kaniletea karatasi ya kiapo imeshachapwa, kwamba mimi fundi mkuu nilimpa maelezo ya mitambo siku zote hizo. Kilichobaki ni saini yangu. Nikamuuliza, "Na drafti?" Akatazama viatu vyake. "Mzee," akasema, tena kwa sauti ndogo nikalazimika kumtazama mdomo, "bosi anatudai saa kama nyinyi mlivyodaiwa marobota. Nisipofikisha, natoka. Lakini kucheza, nilicheza kweli."

Namwamini, unajua. Anayejifanya kucheza hakasiriki akifungwa.

Nikitia saini, Alhamisi atarudi. Nisipotia, sijui ni nani mwingine anayeijua njia ya kuja hapa. Nifanyeje? Usinijibu kama mtu wa mahakama.

Baba yako.


23 Septemba

Baba,

Shikamoo. Macho? Goti?

Siwezi kukujibu. Nikikuambia tia au usitie, neno langu limeshaingia ndani ya kiapo, na kesi iko mikononi mwa ofisi yangu. Unasema nisikujibu kama mtu wa mahakama. Nimemtafuta huyo asiye wa mahakama chumba kizima, na nimechukua muda kumpata.

Anachosema ni hiki, na si ushauri. Niliposoma kwamba ulimsimulia kijana yule jinsi mama alivyokukataa, niliweka barua chini nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi. Hasira niliyokuandikia haikuwa ya Mama Pacha. Mama Pacha nilimwita baadaye, ili hasira yangu ipate heshima. Nilimwonea wivu mtoto wa watu. Yeye alikuja kwa kulipwa, na mimi hata bure sijaja, tangu tulipomzika mama. Siku ile tulikaa sebuleni, wewe upande wako na mimi wangu, mpaka gari langu likafika, na nilishukuru lilipofika.

Nina siku za likizo ambazo sijazigusa. Zinatosha Alhamisi kadhaa. Lolote utakaloamua, nitakuja kujaza nafasi yake.

Mwanao.


14 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Natumaini umelala siku hizi, na jirani yako anapiga chafya zake kamili.

Sikutia saini. Nilikaa na ile karatasi mpaka ikaanza kukunjika pembe. Kisha nikachukua kalamu nikaandika chini yake kwa mkono wangu: kabla ya mnada tulizungumza mitambo, kijana aliuliza vizuri, na alipwe, baada ya mnada tulicheza drafti. Hapo ndipo nikaweka jina.

Kabla ya kuipeleka nilipita kwa Mama Pacha, nikamsomea mlangoni. Nilidhani atanimwagia maji. Alisikiliza mpaka nukta ya mwisho, kitambaa cha vyombo begani. Akasema, "Yaani Mzee, kila siku unapita hapa kwangu kwenda dukani, halafu mtu wa kucheza naye umemkodi mjini? Tena kwa hela yangu?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Na unashinda au unashindwa?"

"Nashinda."

"Afadhali basi," akasema, akaingia ndani. Hakucheka. Mlango aliuacha wazi. Sikujua kama ni wa kuingia au ameusahau tu, nikarudi nyumbani.

Mheshimiwa hajarudi. Jumatano ya kwanza nilifagia kwa mazoea. Ya pili sikufagia.

Sasa lako. Umesema utakuja kujaza nafasi yake. Usije. Sikufukuzi, mama, nisikilize kwanza. Nimekuwa na mgeni mwenye sababu. Kila alipoketi, sababu yake iliketi katikati yetu, nami nikajifanya siioni. Sitaki mwingine. Ukija kulipia saa zilizokatwa, nitakuona unaangalia saa hata kama hukuivaa. Kaa huko ufanye kazi yako, naona unaiweza. Siku ukiwa huna sababu yoyote ya kuja, njia unaijua.

Baba yako.


28 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu. Sikuwa mgonjwa. Nawe, natumaini, hukuwa.

Uamuzi umetoka na umebandikwa ubaoni, kwa hiyo naruhusiwa kuujua kama mpita njia yeyote. Saa za kabla ya mnada zimekubaliwa zote. Za baada ya mnada zimekataliwa zote. Maelezo ameyaandika Barabara, na safari hii hakusema neno lake. Alichelewa kurudi nyumbani mpaka mkewe akapiga simu ofisini kuuliza kama ni kweli yuko kazini. Ameandika kwamba saa inaweza kuwa imepita kweli, na watu wakawa wamekaa kweli, na isiwe haki bado kumtoza mtu asiyekuwepo. Kurudishwa kwa Alhamisi hizo kutawafaa wadai kidogo, na huenda kidogo hicho kisilipe hata bati moja la Mama Pacha. Sitaki kukudanganya.

Nimejaribu kukuandikia tangu barua yako ilipofika. Kila nilipoandika palikuwa na sababu ndani. Nakuja kukuangalia macho. Nakuja kuona lile paa. Nakuja kwa kuwa umri unakwenda, kwa kuwa moyo unanisuta, kwa kuwa nataka kusimuliwa habari za mama. Nikawa nazikata moja moja kama ninavyokata za watu, mpaka karatasi ikabaki na tarehe na shikamoo. Nikaitazama hivyo siku nyingi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa kwenda kwao mikono mitupu kiasi hiki.

Fomu ya likizo ya ofisini ina mstari wa sababu. Niliuacha mtupu. Msajili akairudisha: "Binti, andika chochote, hata 'mapumziko', mradi pasiwe patupu." Nikamrudishia vilevile. Akaivua miwani, akaivaa. "Unakwenda kufanya nini huko?" Nikamwambia sijui.

Basi linaondoka Jumatatu alfajiri. Tiketi ninayo, na Msajili bado hajatia saini.

Mwanao.