Sarafu za Ukubwa Mmoja

Koboko, Jumatano

Kaka Obitre,

Mihogo imekubali mwaka huu, na Peace wangu ameota jino. Lakini nina hasira. Juzi kamati ya sarafu mpya ilifika Arua kukusanya maoni, nikampeleka mama. Unajua tangu apofuke anauza karanga kwa kupapasa sarafu. Wao wakamwonyesha picha! Sarafu zote ukubwa mmoja, kila moja na ndege wake, wakamuuliza ndege gani anapendeza.

Mama akainua vidole. “Macho yangu iko hapa. Hii pia munataka kuchukua?”

Wakacheka. Nikazichana picha zao mbele yao, wakatufukuza.

Sikuchana kwa ajili ya mama tu, kaka. Daktari amesema macho yangu nayo yanakwisha. Mama hajui.

Dadako mwenye uchungu,
Ritah