Mbele ya Baba Mukwe

Chanda mujukulu wangu,

Huku Nchelenge tuko, ni magoti tu inalia. Unaniandikia eti unasikia haya kusemea wazazi wa batoto ba kupigwa, kugeuza maneno yabo pale kwa kazi yako. Haya gani? Miye nilikuwa muke mupya. Baba mukwe wangu alichoma mikono ya mutoto moja aliyekaa kwake, juu mutoto alikula samaki yake. Mama ya mutoto alitoka Congo, hakujua Kibemba. Kiswahili yake nilijua miye tu. Na kwetu muke hasemi mbele ya baba mukwe.

"Sema yote, dada!" mama ule akanililia mbele ya mfumu, mukubwa wa kijiji aliyekata kesi.

Nikafunika kichwa, nikamupa baba mukwe mugongo, nikasema maneno yake yote kwa Kibemba. Mutoto akatolewa kwa baba mukwe. Baba mukwe hakukula tena chakula yangu. Haya ile ningali nayo.

Weye, baba mukwe yako iko pale? Basi sema!

Miye kambo yako, bibi yako