Beseni Lako la Kuogeshea Panya

Dada Candiru,

Beseni lako bado liko nje ya mlango wa duka, pale pale ulipoliacha, hapa mtaani Sherikat, Juba. Wateja wakiliona lina maji wanakuulizia. Wanadhani ulikwenda Arua kumsalimia Mama. Nawapimia unga wao tu.

Mji umejaa. Kila siku mabasi yanavuka daraja na watu wanaorudi kwao kabla ya kura, na unga unakwisha lori jingine halijafika. Ungefurahi. Panya nao wamerudi kwenye magunia, wale wadogo uliowaita wapangaji wako.

Unakumbuka nilivyokucheka? Mtego ukinasa, hukumgusa panya mpaka umemtumbukiza kwenye maji moto ya sabuni, yeye na mtego wake. Nikakuuliza kama utamshonea na sanda. Ukasema, "Wewe iko nacheka tu. Mama nafanya hivi, mimi pia nafanya." Hukujua sababu, wala mimi sikuitafuta. Niliona ni ushamba.

Kisha wakatafuna gauni lako la Krismasi, ile gomesi. Ulikaa juu ya gunia la maharage umeshika ule upindo, ukasema, "Malesh, si kitu, ni nguo tu," huku machozi yanakutoka. Moyo uliniuma, dada. Kesho yake nikanunua sumu kwa mchuuzi wa darajani, nikaimwaga nyuma ya magunia, karibu na mkeka wako. Sikukuambia. Nilitaka uone tu kwamba wameisha.

Wakaisha kweli. Walifia huko nyuma na hakuna aliyewatia majini. Ukaanza kujikuna miguu, tukasema mbu. Ikaja homa, tukasema malaria. Dawa ulimeza zote. Siku ya tisa nilikuwa nimeshika mkono wako, na sikujua ni saa ngapi uliniacha.

Nilikupeleka nyumbani Arua, tukuzike. Mama alipokuosha aliona miguu yako ilivyojaa alama za kuumwa, akaniuliza kama huku Juba tulikuwa tukiwaogesha panya. Nikamjibu kwamba wewe hukuacha hata siku moja. Ni kweli. Nikajificha nyuma ya ukweli huo.

Niliporudi, walikuja watu wa afya. Wakamnasa panya mmoja dukani, wakamsugua manyoya kwa mswaki juu ya karai jeupe. Viroboto, chawa, utitiri mdogo kama vumbi, wote kwenye kinyama kinachoenea kiganjani! Mama mmoja aliyeshika mswaki akanieleza: panya akifa, mwili ukapoa, viroboto wanamkimbia, wanatafuta damu ya moto iliyo karibu. Nikamuuliza kama ndicho kilichokuua. Akasema hawezi kujua. Lakini mimi najua mkeka wako ulikuwa wapi.

Nilitoka nikakaa kando ya beseni lako, nikalia mbele za watu. Nisamehe, dada. Nilikuonea huruma, na huruma yangu ndiyo ile sumu.

Siku hizi kila panya anapita kwenye maji moto kwanza. Nimechelewa, lakini nafanya. Gomesi nimeishona upindo mwenyewe, vibaya, ungenicheka. Jumamosi napanda lori kwenda Arua, nayo nitaikunja ndani ya beseni.

Nakuahidi, safari hii Mama atasikia yaliyobaki, habari ya sumu na mkeka, hata akinifukuza mlangoni. Beseni nitaliweka mikononi mwake kwanza, halafu nitasema.

Pumzika, dada yangu.